Kwa Noor Gaab, aliyetufungulia kiwanja cha Garissa kwa kibendera

Simu ya binti yake ilinikuta asubuhi nikipanga vikombe, na mpaka sasa sijui vile vikombe nimeviweka wapi. Noor Gaab hatunaye tena. Amezikwa leo adhuhuri huko Garissa. Inna lillahi.

Kwa msionifahamu, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka themanini na tatu, na ukurasa huu nilifunguliwa na mjukuu. Leo sitaki siasa kwenye comments. Leo ni siku ya Noor.

Nilipelekwa Garissa wakati wa vita vya Shifta, nikiwa na cheti kipya cha ualimu na barua ya transfer niliyoisoma mara tatu nikidhani wamekosea jina.

Noor alikuwa akituletea maji shuleni kwa punda, kutoka mto Tana. Rika langu, mfupi, na ndiyo maana ya hilo Gaab. Alikuwa amekulia visimani, upande wa Habaswein.

Ilikuwa hali ya hatari. Vijana wa mjini wakikusanyika kucheza, askari waliona mkutano wa shifta, wale waasi waliopigana na serikali. Kiwanja kikafungwa, vijana wakabaki kukaa vibarazani mwa maduka wakitazamana. Iliniuma sana kuwaona vile.

Mkuu wa kambi ya askari alipenda soka kuliko chakula. Tulipomwendea, akasema mji ucheze na timu ya kambi. Mji ukishinda, kiwanja kitakuwa wazi kila alasiri. Ukishindwa, tusimwendee tena na habari za mpira.

Refa nikawa mimi, kwa sababu mwenye filimbi nilikuwa mimi peke yangu.

Nikaanza kuwafundisha washika vibendera sheria ya kuotea, kwa chaki. Nikawaambia wamtazame mchezaji anapopokea mpira. Kama wakati huo hakuna wapinzani wawili kati yake na mstari wa goli, golikipa akiwa mmoja wao, basi ni ofsaidi. Nilijiamini kweli.

Noor alikuwa mlangoni na debe lake la maji. "Maalim, hiyo umechelewa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kila p ikigeuka b. "Wewe naangalia ile mtu nabokea mbira. Huyo amekimbia zamani."

Akatueleza desturi ya kisimani. Mifugo husubiri nyuma ya mstari uliochorwa mchangani mpaka anayechota maji aite. Mnyama aliyevuka kabla ya mwito hurudishwa, hata awe wa nani. Aliyevuka baada ya mwito hana kosa, hata akifika kwenye maji peke yake. Noor alikuwa mwamuzi wa mstari huo miaka mingi, na watu wenye kiu hawaamuliwi ovyo.

"Jicho kwa mstari, sikio kwa ile nabiga," akasema.

Nikaenda staffroom nikafungua kitabu cha sheria. Ni kweli, kinachohesabiwa ni pale mpira unapopigwa. Nikafuta ubao haraka kabla headmaster hajapita. Kibendera nikampa Noor.

Siku ya mechi mji wote ulikuwa pale, na bunduki zilikuwa pale pia. Kipindi cha pili, bila kwa bila, Bile wa timu yetu akafunga. Bile ni binamu yake Noor, wamenyonyeshwa nyumba moja. Watu walikuwa wameshaanza kukumbatiana.

Kibendera cha Noor kilikuwa juu. Kuotea.

Alitukanwa matusi ambayo nashukuru Kisomali changu kilikuwa kidogo. Mjomba wake aliinuka, akakung'uta macawis yake, ile shuka ya kiunoni, akaenda zake nyumbani. Noor hakugeuka hata kutazama.

Dakika tano kabla ya mwisho, pasi ndefu, na Bile huyo tena, peke yake na golikipa. Akafunga. Askari wote mikono juu wakidai ofsaidi.

Noor alikuwa anakimbia kurudi katikati ya kiwanja, kibendera chini. Nikaonyesha kati. Goli.

Mkuu wa kambi akaacha kiti chake, akaingia uwanjani mpaka kwa Noor. "Wewe ni mtu wa upande gani?" akamuuliza. Miaka ile, swali hilo liliwapeleka watu mahali wasikorudi.

"Afande, mimi mtu ya mstari," Noor akajibu. "Ile ya kwanza nimekataa, na ni ndugu yangu. Hii, mbira imetoka mguu, Bile iko nyuma ya mtu yako. Uliza yeye."

Mkuu akamgeukia beki wake, koplo mmoja mkubwa kama kabati. Koplo akatazama chini. "Ni kweli, Afande. Alitokea nyuma yangu."

Mkuu akarudi kukaa. Mechi ikaisha moja bila.

Jumatatu kiwanja kilifunguliwa, na hakikufungwa tena nikiwa Garissa. Alasiri ya kwanza walijaa vijana mpaka tukakosa pa kuweka kona. Mjomba wake alikuja na maziwa ya ngamia, akampa Noor, akakaa karibu naye.

Baadaye Noor alichezesha mechi mpaka Griftu, na kote huko walimwita Maalim. Jina langu aliniibia, na nilimwachia kwa moyo mweupe.

Sasa Noor, nikuambie jambo. Miaka yote hii nimesimulia kwamba goli lile niliona vizuri. Hata wewe nilikuambia hivyo, ukacheka tu. Sikuona. Nilikuwa namtazama Bile anapopokea, kosa lilelile la ubaoni. Filimbi ilikuwa mdomoni na pumzi nimeshavuta nipulize ofsaidi.

Ndipo nikakutazama wewe, nikaimeza pumzi yangu. Kiwanja ulikifungua wewe, ndugu yangu, si mimi. Lala kwa raha, Maalim.