Mchukuzi wa Maji Aliyevaa Kikoi

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 1998. Katika nyumba ya kupanga karibu na Barabara ya Saba, katika mji wa Kimarekani wa Falls Church, mtaalamu wa kompyuta kutoka Bukoba amesimama katikati ya sebule akiwa na kikoi juu ya suruali, na mto wa kulalia umefungwa mgongoni kwa mkanda. Anaitwa Laurean. Hana ruhusa ya kujikuna.

"Kaka, mimi nilikuja kunywa chai," analalamika.

"Chai haina miguu, haitakimbia," anajibu Zuhair Abdulghafur bila kuinua macho. "Inama kidogo. Hicho ni kiriba kimejaa maji, si pamba."

Zuhair, 44, mzaliwa wa Mombasa, hunakili kwa mkono picha zilizochorwa India enzi za ukoloni wa Mwingereza. Ni picha za watu wakiwa kazini: dobi, kinyozi, mnoa visu, mshona viatu. Maofisa wa Kiingereza walizinunua ili jamaa zao kwao waone Wahindi wanafanya nini kutwa. Siku hizi hununuliwa na wenye mikahawa, na watu wengine wenye kuta ndefu.

Vitabu vyenye picha hizo huviazima maktaba. Tatizo ni moja: hawezi kuchora mgongo uliobeba mzigo mpaka auone mgongo wenyewe. Kwa hiyo kila Mswahili anayebisha hodi kwake hupewa kazi. Mtumishi mmoja wa ubalozi, ambaye jina lake linahifadhiwa kwa heshima ya taifa lake, aliwahi kuchuchumaa pale sebuleni akinyolewa na kinyozi asiyekuwapo.

Zamani Zuhair alipaka rangi nyumba za watu huko Bowie pamoja na shemeji yake. Kazi ile ilimlipa karibu mara mbili ya picha.

"Kila nyumba nyeupe," anasema. "Ukimwambia mwenyewe ni nyeupe, anakasirika, anakwambia hii ni rangi ya ganda la yai. Nilikuwa nasinzia juu ya ngazi."

Alipoiacha, alikubaliana na mkewe, Fathiya, kwamba asipopata mteja mkubwa kabla mwaka huu haujaisha, atarudi kwenye ngazi. Mteja akapatikana: Bwana Bhatnagar, mwenye mkahawa Springfield. Alitaka picha nane za ukuta mmoja, dola mia mbili kila moja. Zote, au hakuna.

Ya nane ndiyo ile ya mchukuzi wa maji.

Fathiya, ambaye hufanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, aliona kasoro kabla rangi haijakauka. "Nilimwambia, huyo Mhindi wako amevaa kikoi chako cha kulalia, hata pindo la zambarau umelitia. Akanambia, nani atajua Springfield."

Bwana Bhatnagar alijua. Saba za kwanza alizitazama akitabasamu. Kwa ya nane alivaa miwani.

"Huyu ni nani?"

"Mchukuzi wa maji."

"Wa India?"

"Wa Falls Church," Zuhair alikiri.

Bwana Bhatnagar akasema watu wao hawafungi nguo namna ile. Akazipanga zote nane vizuri, akamrudishia.

"Niliiona Bowie yote mbele yangu," anasimulia Zuhair. "Nyeupe pe."

Hapo mlango wa jikoni pale mkahawani ukafunguliwa. Akatoka Wilfredo, msaidizi wa mpishi kutoka El Salvador, ndoo ya barafu begani, kiuno kimepinda upande mmoja, mkono wa pili umenyooshwa ili asiyumbe. Kile Zuhair alichokitafuta kwenye mgongo wa Laurean Jumamosi nzima kilimpita kikienda kujaza jagi.

"Nipe wiki moja," alimwambia mwenye mkahawa. "Nimchore huyu badala yake."

"Wateja wangu watasema nini?"

"Watasema ni mtu yuko kazini."

Bwana Bhatnagar alijibu kwamba ataitazama, ila haahidi kitu. Wilfredo naye alikubali kwa sharti moja, asichorwe na wavu wa nywele kichwani. Zuhair akakataa. Dobi wa picha za zamani hakuvuliwa kilemba, alimweleza, na wavu ukabaki.

Picha ilitoka kama za kale: karatasi ya rangi ya maziwa, hakuna nyumba wala mti nyuma, mtu tu na mzigo wake na kivuli kifupi chini ya viatu. Bwana Bhatnagar aliitazama mpaka sambusa alizomwagizia Zuhair zikapoa.

"Kisha akaniuliza kama naweza kumpunguza tumbo yule mnoa visu," anasema Zuhair. "Nikajua amekubali."

Leo Wilfredo yuko ukutani, kati ya kinyozi na dobi. Mama yake ametumiwa fotokopi.

Asiyefurahi ni Laurean. "Nimebeba mto mpaka bega likafa ganzi," anasema, "halafu nafasi anapewa mtu aliyekuwa anapita tu." Picha iliyokataliwa ameitundika kwake. Wageni anawaambia ni babu yake mzaa babu, na hadi sasa hakuna aliyebisha.

Zuhair sasa anapanga seti yake mwenyewe, ya wafanyakazi wa huku: anayechimba barabara kwenye njia panda za Springfield, anayeegesha magari hotelini, na dobi. Kwa dobi anamtaka mtu mmoja tu, naye amekataa tangu Oktoba.

"Nichore nimekaa," Fathiya anamwambia, akifunga vifungo vya koti aende kazini.

"Dobi hakai."

Fathiya anatafuta funguo za gari kwenye mkoba. Anazipata.

"Basi kesho njoo kule kufulia asubuhi, uvae viatu vya mpira, sakafu ile ina maji. Msimamizi nilishamwomba ruhusa wiki iliyopita."