Gari Halichaguliwi kwa Makalio

Ukoo ulikuwa umeshaingia ndani ya gari jeupe, na kila mmoja anapima kiti kwa makalio yake. Wifi wa Mama Pukupuku, dada wa mumewe, amekaa mbele, viatu kavua, miguu kainyoosha kama yuko sebuleni kwake. Shemeji, mdogo wa mume, dalali wa magari aliyewaleta kwa gari lake mwenyewe na ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, yuko kwenye usukani anabonyeza kila kinachobonyezeka. Mume mwenyewe kaegemea kiti cha kati, macho kayafumba kwa raha. Na nje, kwenye vumbi la yadi ya kuuzia magari, Mama Pukupuku amechuchumaa nyuma ya gari, shingo kaipinda, anachungulia springi.

"Shemeji, unatafuta mayai huko chini?" dalali akauliza dirishani.

"Natafuta mahali pa kufunga tela langu."

"Njoo kwanza usikie kiyoyozi!"

"Kiyoyozi hakivuti mashine."

Jina la Pukupuku alipewa na hiyo mashine. Ni ya kupukuchua mahindi, chuma kitupu, imepachikwa juu ya tela la magurudumu mawili, na ikiwashwa husikika ng'ambo ya bonde. Kila msimu alikuwa anaipeleka shamba hadi shamba, anapukuchua mahindi ya watu, anapakia magunia, anahamia kwingine. Kazi hiyo yeye aliianza pale mume alipougua mgongo. Mume alikuwa dereva wa wageni, wale wenye kofia pana na kamera shingoni, akiwazungusha porini na kwenye maporomoko ya maji, mpaka barabara mbovu zikamtia ufa wa kiuno. Akalala. Mama Pukupuku hakulala.

Sasa pikapu yao ya zamani imekufa. Injini imepasuka, fundi kaifunika turubai na kutoa pole kama ya msiba. Dereva wa kibarua aliyekuwa akiiendesha kaenda kutafuta kazi kwingine. Na mahindi ya mlimani yamekauka, wenye mashamba wanapiga simu asubuhi, wanapiga tena mchana, na kuna mwenye mashine mwingine kule bondeni ameshaanza kuwanyemelea. Fedha iliyopo ni ya gari moja. Imo kwenye bahasha, bahasha imo ndani ya koti la mume, na mume kalifunga koti mpaka kifungo cha juu.

Pale yadini magari ya kufaa yalikuwa mawili, yote ya kuvuta kwa magurudumu manne, yote ya chasisi ndefu. Hilo jeupe wakaliita Bibi Harusi kabla hata ya kuuliza bei. Viti vya ngozi, springi za waya wa kujiviringa, laini, nyuma kumerefuka kupita magurudumu mpaka unaweza kumlaza mtu. La pili ni la kijani kilichopauka, mraba mbele, mraba nyuma, vioo vya kuzungusha kwa mkono, mabenchi mawili ya kutazamana na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama chapati. Hilo wifi alilipa jina la Sanduku, na si kwa mapenzi.

"Hesabu ni nyepesi," alisema shemeji. "Bibi Harusi anabeba mizigo, anavuta tela, na msimu ukiisha kaka anarudi kwenye wageni. Keria juu, mahema juu ya keria, safari! Sasa hilo Sanduku, mgeni gani atalipanda? Labda mfungwa."

Mume akafumbua macho. "Kiti hiki kinanishika kiuno vizuri," akasema taratibu.

Mama Pukupuku aliyasikia maneno hayo vizuri sana. Siku nyingi hakuwa amemsikia mumewe akisifu kitu. Lakini alinyanyuka, akajikung'uta magoti, akasema, "Haya, shukeni wote. Tunafunga tela."

Hapo ndipo wakajua kwa nini lile trekta la jirani lilikuwa limesimama nje ya geti. Alikuwa amemwomba jirani aikokote mashine mpaka yadini, na magunia ya mahindi juu yake. Ndiyo tabia yake. Hata hiyo mashine yenyewe hakuinunua mpaka alipoilisha mahindi yake mwenyewe, tena yenye unyevu, muuzaji akatamani kulia.

"Mama, hakuna mteja anayekuja na tela lake," alisema mwenye yadi.

"Basi leo umempata."

Wakapakia magunia nyuma ya Bibi Harusi, wakafunga tela, shemeji akashika usukani, wakaelekea kilima cha machimbo ya kokoto. Kupanda, haki ipewe mwenyewe, Bibi Harusi alipanda kama anaitwa na mchumba. Lakini mkia ulizama, pua ikainuka, taa zikawa zinaangalia mawingu. Wakati wa kushuka, kwenye kona, tela likaanza kusukuma. Mkia ukaenda kulia, ukaenda kushoto, shemeji akazungusha usukani na gari halimsikilizi, magurudumu ya mbele yamekuwa mepesi hayashiki barabara. Wifi alimwita mama yake marehemu kwa jina la utotoni.

Waliposimama chini, shati la shemeji limelowa. "Ni kuzoea tu," akasema.

"Wewe zoea," alijibu Mama Pukupuku. "Mimi nina watu wa kupishana nao barabarani."

Wakarudi yadini, wakahamishia kila kitu kwenye Sanduku, shemeji akashika usukani tena, wakakirudia kilima. Lilipanda likinguruma na kulalamika, polepole mpaka mbuzi wa kando ya njia wakalipita. Likawapika kwa joto, likawarusha. Lakini lilishuka limenyooka, na tela nyuma yake limetulia kama mtoto aliyekatazwa. Mwenye yadi, safari hii kapanda nao, alikuwa ameshaanza kulisifu pale mume aliposhuka. Alishuka kwa kushikilia mlango, mkono mmoja kiunoni, midomo kaibana.

"Mke wangu," akasema, "hili mgongo wangu hauliwezi."

Wifi akadakia. "Umeona? Utamuua kaka yangu kwa ajili ya mahindi!"

"Kaka yako alipokuwa hawezi kugeuka kitandani, alilishwa na nini? Na kofia za wageni?" Sauti ya Mama Pukupuku ilipanda, na hakuishusha. "Alikula mahindi. Na wewe ulipokuja kumwona, ulikula mahindi, ukafungashiwa na mengine. Leo mnataka nifunge kazi inayotulisha nyuma ya gari la kuchezesha mkia, ili mpate pa kunyoosha miguu? Sinunui. Hata mkikaa humo mpaka mote mizizi."

"Na Sanduku ataendesha nani?" shemeji akacheka. "Dereva hamna, kaka hawezi."

"Mimi."

Leseni anayo, na pikapu alikuwa akiiendesha mwenyewe ikiwa haina tela. Kuvuta tela hajawahi, na shemeji alilijua hilo. "Haya, dereva! Rudi yadini, halafu toka getini kinyumenyume na tela lako, tuone."

Alilifikisha yadini vizuri. Shida ikaja kwenye kurudi nyuma. Alizungusha usukani kulia, tela likaenda kushoto. Akazungusha kushoto, likaenda kulia, likajikunja mpaka likakaribia kubusu ukuta. Vijana wa yadi wakashangilia kama wako mpirani. Wifi akajishika mbavu. Mama Pukupuku akalisogeza mbele, akalinyoosha, akaanza upya, likajikunja upya. Jasho linamtoka, lakini kushuka hashuki.

Ndipo mume akafungua koti. Akamkabidhi mwenye yadi bahasha, akasema, "La kijani," bila kumtazama ndugu yake. Halafu akatembea kwa hatua zake za kuvutavuta mpaka dirishani kwa mkewe.

"Shika usukani chini, si juu," akamwambia. "Chini kabisa. Unakotaka tela liende, mkono wako uende huko huko. Na usiwe na haraka."

Akashika chini. Mkono ukaenda kulia, na tela, kwa mara ya kwanza siku ile, likaenda kulia. Likatoka kinyumenyume kati ya nguzo za geti taratibu, limenyooka.

"Kaka, na wageni wako je?" shemeji akaita.

Mume akazunguka kuelekea mlango wa pili. Mama Pukupuku alimwona usoni alivyoliangalia Bibi Harusi kwa mara ya mwisho, akajua amemnyima kitu. Hakuomba radhi. Alifungua mlango wa pili, akakunja maturubai yake mawili ya kupukuchulia, akayapanga kwenye kiti, moja la kukalia, moja la kuegemea.

"Panda, baba watoto. Mgongo ukikuuma sana, sema nisimame."

"Kwani tunakwenda wapi? Nyumbani si huku?"

"Mlimani. Mahindi yamekauka."

Wifi alibaki getini na viatu mkononi, anapiga kelele kwamba hakuna aliyemwachia nafasi. Nafasi zilikuwepo, benchi zima nyuma, gumu. Mama Pukupuku akazungusha kioo kwa mkono, akakifungua mpaka chini ili asikike, akasema, "Wifi, kama unakuja kufunga magunia, panda. Kama unakuja kunyoosha miguu, mwambie shemeji akupeleke na gari lake."

Akatia gia.