Chura wa Mistari Myekundu

Kwenye misitu ya mvua ya Amerika ya Kusini wako vyura wa rangi kali, wekundu, wa njano na wa buluu, na sumu yao iko kwenye ngozi. Nimefundisha habari zao miaka mingi. Nilikuwa nawachora ubaoni kwa chaki za rangi, kisha nawaambia wanafunzi, kwa kujidai kabisa, kwamba huku kwetu Moshi vyura wa namna hiyo hawapo.

Vyura wetu wa kupasua maabarani walitoka kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini. Aliyewaleta ni mhudumu wa maabara, mama wa Kichaga aliyeolewa huko chini, kibarua asiye na mkataba, rika la mama yangu. Siku moja kabla ya mazoezi ya kidato cha nne alileta ndoo ya vyura, na pembeni kopo lenye chura mmoja mweusi, mistari miwili myekundu mgongoni, mzuri ajabu.

"Huyu nimekuletea umwone tu, mwalimu. Usimchanganye na wenzake, atawaua."

Nilicheka. Nikamuuliza hayo kayasomea chuo gani. Kisha, mbele ya macho yake, nikammimina yule chura ndani ya ndoo.

Asubuhi wote walikuwa wamekufa, isipokuwa yeye. Nilimtupa mtaroni haraka kabla mkuu wa shule hajafika. Mkuu alikuja juu, akataka kujua imekuwaje. Yule mama alikuwa kasimama na ufagio wake, ananiangalia. Nikasema labda ndoo haikuoshwa vizuri, ilibaki na dawa. Yeye aliichukua ndoo, akaenda kuiosha. Jioni aliambiwa asirudi tena kazini.

Zilipita wiki tatu. Kwetu Wachaga, huko mlimani, anayekuja kuomba msamaha na jani la isale harudishwi, hata awe amemwaga damu. Nikakata isale kwenye ua wa nyumbani, nikateremka Mabogini. Nilimkuta anapalilia mpunga wa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Nilimpa lile jani kwa mikono miwili, sikueleza kitu. Moyoni nilikuwa nashukuru kwamba mila inanisemea. Aliliangalia muda mrefu, akajifuta matope ya mikono kwenye khanga, akalipokea.

"Isale sikatai, na wewe ulijua sitakataa." Akalichomeka jani kiunoni. "Mkuu je, umempelekea lake?"

"Bado, mama."

"Aliyenifukuza ni yeye," alisema, akainama kuendelea na palizi.

Nikapanda kurudi mjini nikijiapiza kwamba kesho nitamwambia mkuu ukweli.

Huu ni mwaka wa pili. Mkuu ni yule yule, namwamkia kila asubuhi, na maabara tumeshapata mhudumu mwingine.