Wimbo ya Matanga mu Beat ya Glodi

Glodi akipata sauti moja muzuri, anasahau hata chakula. Studio yake iko kona ya chumba, kule mutaa ya Mangobo: ordi, kompyuta ya zamani, micro ya kurekodi, na matela ya kulalia ameegemeza ku ukuta juu sauti isirudirudi. Asubuhi ile alikata kipande ya wimbo ya bamama ba Isangi benye alirekodi na telefone ku matanga ya tonton, mujomba yake, akaizungusha, akatia ngoma na basse. Bon, ilikuwa tamu kabisa. Tania, rafiki yake wa rap, alikuwa anakuja kuimba juu yake leo leo.

Mama yake, Mama Chantal, akaacha mboga ya pondu ku moto, akaingia.

"Glodi, nani amekufa?"

"Hakuna mutu, mama. Iko beat."

"Ile wimbo tunaimbaka wakati ya kutoa maiti. Mu nyumba yenye hakuna maiti, haiimbwe. Unaita kifo ya nani?"

"Mama, Tania iko mu njia. Sina ingine."

"Futa."

Akafuta. Moyo ikamuuma kama jino.

Mama akaangalia micro, akavuta kiti. "Bon, sikia hii. Tunaimbaka mu mutumbwi, kwa kupiga kasia." Akaimba. Glodi akarekodi, akakata, akazungusha, na kichwa yake ikaanza kutingika yenyewe.

Tania alipofika, akazuiwa ku mulango.

"Ngoja kwanza, mwana wangu," mama alisema mulemule mu micro. "Tunarudilia kurekodi. Ile ya kwanza, sauti yangu ilikuwa na moshi ya moto ya pondu."