Nyumba Isiyotoa Moshi

Mwanangu alikuja kutoka Dodoma na vitu viwili kwa mpigo: jiko la gesi na picha kubwa ya kuchora, ya nchi za baridi. Nikajiuliza, huyu anataka nini? Nilimwangalia sana siku ile, lakini alikula ugali wake, akapanda gari lake akaondoka bila kuomba kitu.

Picha aliitundika sebuleni, ikitazamana na kiti changu. Theluji imefunika kila kitu, miti haina hata jani. Nyumba zimejipanga mtelemkoni na kila moja inatoa moshi, isipokuwa ile ya mbele kabisa. Watu wanapita mlangoni kwake na kuni zao na mbwa wao, hakuna anayegeuza shingo. Mmoja ni mwanamke wa kitambaa chekundu. Huyo nilimchukia tangu siku ya kwanza.

Hata wiki haikuisha, malaria ikanilaza. Nilikuwa peke yangu, simu haina chaji, natambaa kwenda kuchota maji ndooni. Jirani yangu, mwanamke tuliyelima pamoja tangu tuolewe hapa Mungaa, hakutokea. Kwake ni ng'ambo ya shamba la alizeti tu. Akisimama uani analiona paa langu juu ya ua wa minyaa. Basi nikajilaza pale kwenye kiti, natetemeka, natazama picha, na picha ikanieleza yote. Mle ndani yumo mama anakufa kwa baridi. Yule wa kitambaa chekundu anajua, na anapita makusudi. Wivu huo! Ameliona gari la mwanangu, roho imemuuma.

Nilipopata nguvu nikaapa kwamba jirani huyo salamu yangu hapati tena.

Siku moja nafukuza kuku kwa matusi, huyo mlangoni, na mlenda kwenye ungo. "We! Kumbe umerudi?"

Nimerudi wapi? Nikasema moyoni, huyu kisingizio chake kaja nacho kutoka nyumbani. "Sikwenda popote," nikamwambia. Akaguna, haamini. Nikamkaribisha shingo upande, nikamkalisha mbele ya picha makusudi, nione uso wake utakavyobadilika.

Akaitazama. Akauliza kama ule weupe ni chumvi, kama ya kule ziwani. Nikamwambia ni theluji.

"Haya, na nyumba hii ya mbele?" nikamchokoza. "Mna nini humo ndani?"

"Hamna kitu. Wenyewe wamesafiri."

"Umejuaje?"

"Si hakuna moshi! Wenzao wote wanapika. Hata wewe, gari lilipoondoka, asubuhi yake sikuona moshi, na kesho yake tena sikuona. Nikasema mtoto kamchukua mama yake, hata kuaga hakuna. Nilikasirika, nisikufiche."

Nikamshika mkono hadi jikoni, nikamwonyesha jiko la gesi, nikamweleza na ile homa. Akakaa chini sakafuni.

"Ungefia humu," akasema kwa Kinyaturu, "na mimi nimesimama pale uani natazama paa lako, nasema amesafiri."

Akalia. Nikalia na mimi, nimeona haya mpaka nikakosa pa kuangalia.

Tangu hapo chai naichemsha kwa gesi, lakini kila asubuhi mafiga nayawasha vilevile. Mwanangu alipopiga simu akauliza kwa nini nachoma kuni bure. Nikamwambia hayamhusu.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Kuni zikalowa, moto ukagoma kabisa. Jua lilishapanda, mimi bado nimeinama napuliza, macho yanatoka machozi, nikasikia hodi za haraka uani. Nikatoka. Alikuwa amesimama pale, kanga imeshika tope mpaka magotini, hana viatu, anahema.

"Upo?" akauliza.

"Nipo," nikamwambia.