Mbio Zisizo na Ng'ombe

Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akinisemea. Mimi ni mtu wa Tanga. Nililetwa Kishapu kufundisha nikiwa kijana, nikaoa hapa, nikastaafu hapa, na miaka yote hiyo Kisukuma changu hakikuvuka salamu. Ni uvivu tu, sina kisingizio kingine. Shuleni ilikuwa Kiswahili, nyumbani Kiswahili, na majirani walipokuja waliongea na yeye, kisha yeye akaniambia walichosema, nadhani akichuja. Alipofariki walikuja wakazika, wakakaa matanga, wakarudi makwao. Tangu hapo nilikuwa nikisema "mwangaluka" asubuhi, najibiwa "mwangaluka", na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Binti yetu ana duka la nguo Geita mjini. Hupiga simu Jumapili.

Sikuanza kukimbia kwa ajili ya afya, kama wanavyosema watu wa mjini. Nilianza kwa sababu ya choroko. Nilikuwa nimezianika uani juu ya turubai, nikaenda dukani kununua chumvi, na wakati narudi nikaona mvua inakuja kutoka upande wa Mhunze. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kuzianua. Nikavua kandambili, nikazishika mkononi, nikatimua mbio. Mara ya mwisho nilikimbia enzi za kusimamia mchakamchaka wa wanafunzi, na hata huko nilikuwa nadanganya, natembea pembeni na fimbo yangu. Nilifika uani choroko zimeshalowa. Nilisimama katikati ya ile mvua nikihema kama ng'ombe wa plau, na nilikuwa nacheka. Nilishtuka kukisikia kicheko changu mwenyewe.

Kesho yake nikakimbia tena, safari hii bila mvua wala choroko. Nilitoka kwenye uzio wangu wa minyaa, nikapita mashamba ya pamba, nikafuata ukingo wa ngitili, yale majani wanayoyahifadhi kwa ajili ya mifugo wakati wa kiangazi, mpaka kwenye korongo. Magoti yalilalamika hadi mwisho wa pamba, kisha yakanyamaza. Upepo ulikuwa wa baridi na njia imekauka vizuri. Nilikuwa na furaha, naisema wazi, na niliona aibu kuwa nayo kwa sababu hakukuwa na wa kumwambia.

Nilikwenda hivyo kila siku, alfajiri, kabla watu hawajatoka. Halafu siku moja nikachelewa.

Waswahili husema ukimwona mtu mzima analia, ujue kuna jambo. Huku usukumani hata akikimbia kuna jambo, na jambo lenyewe mara nyingi ni ng'ombe walioibiwa. Hapo hupigwa mwano, yowe la kuitana linalopokewa boma kwa boma, na kila mwanamume anayelisikia lazima atoke. Nilijua hayo yote. Mke wangu alinieleza zaidi ya mara moja.

Jua lilikuwa limeshachomoza nilipopita kwenye pamba. Nikasikia mwanamke anapiga yowe nyuma yangu, mwingine akalipokea mbele, na kabla sijaelewa wanaume walikuwa wanatoka kwenye maboma na fimbo na mapanga, wengine vifua wazi. Jirani yangu wa karibu, mzee ambaye tulikuwa hatujawahi kula sahani moja, akanifikia akakimbia bega kwa bega na mimi. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Wameelekea wapi, Mwalimu?"

Ningesimama pale, mambo yangeisha kwa kicheko. Sikusimama. Mkono wangu ulinyooka wenyewe, ukaonyesha mbele, kwenye korongo.

Tukakimbia. Nilikuwa katikati yao, nasikia miguu yao na pumzi zao, na kila mmoja alikuwa anakimbia kwa ajili yangu. Sijawahi kukimbia vizuri namna ile. Niliomba korongo lisogee mbali kidogo.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aliinama akakagua mchanga. Hapakuwa na kwato hata moja. Akanitazama. "Mwalimu, ng'ombe wa nani?"

Nami sifugi hata kuku.

Wakakaa chini pale pale kunihukumu. Kuwatoa watu kwa uongo ni kosa kubwa, maana siku nyingine hawatatoka. Mmoja akasema nitengwe. Kutengwa si mchezo: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, na ukifa wanao watafute wazikaji kwingine. Ile "mwangaluka" moja ya asubuhi niliyokuwa nikiidharau, sasa nayo ingeondoka.

"Kwa nini hukusema?" kamanda akauliza.

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Nilitaka muendelee kukimbia na mimi," nikasema. "Tangu mama yenu afariki sijawa na mtu."

Jirani akawatafsiria wale wasiosikia Kiswahili vizuri. Kamanda akatema mate pembeni, akasema nitoe mbuzi, na mbuzi huyo aliwe kwangu.

Nikanunua mbuzi kwa jirani, nao wakaja jioni ile ile, wote. Wakachinja, wakachoma, wake zao wakaleta ugali wa mtama. Mmoja alikuwa ananiigiza ninavyokimbia, viwiko nje kama kanga aliyeloa, na watu wakacheka hadi machozi. Mimi pia. Sikuelewa hata nusu ya waliyoyasema na nilitaka waendelee kuyasema.

Walipoaga, kamanda alinishika mkono. "Wewe kimbia tu, Mwalimu. Tumeshakujua. Tukikuona hatutatoka tena." Alisema kwa wema kabisa. Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja."

Asubuhi nikakimbia jua likiwa limeshatoka. Jirani alikuwa anakamua. Akaninyooshea mkono, akarudi kwenye chuchu za ng'ombe wake. Wengine hawakuinua hata vichwa. Njia yote ilikuwa yangu na miguu ilikwenda vizuri. Nilipofika korongoni nikageuka kutazama nyuma. Nilitamani hata mmoja wao akosee, apige yowe.