Maji Yaliyolala Nyumbani kwa Mama Mkwe

Kabla yangu mimi, mama mkwe wangu alikuwa na adui mmoja tu duniani: maji yaliyolala. Kila Alhamisi nyumba yetu ya Kasongo ilipinduliwa juu chini kwa ajili ya Ijumaa. Mikeka nje, sufuria zinasuguliwa kwa majivu mpaka unajiona sura, na mitungi yote inamwagwa, inaoshwa ndani, inajazwa upya kutoka chemchemi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zinafanya hivyo, lakini kwake yeye ilikuwa vita. Heri afe kuliko mgeni kunywa maji ya jana nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa adui wa pili. Mimba zangu zilikuwa zimeharibika mara mbili, na tangu ile ya pili alianza kusema mbele ya watu, bila hata kushusha sauti: "Huyu, kitu yenye kupumua haikaaki kwake." Halafu anaendelea kuchambua mchele wake. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa anatazama simu. Nilijua maneno hayo yanaelekea wapi. Kulikuwa na binti wa kuolewa huko Kabambare, na shangazi za binti huyo walikuwa wameanza kutumiana salamu na mama mkwe.

Ndipo kaka yangu wa Uvira, anayefanya kazi na watu wanaovua samaki wa mapambo ziwani, akanitumia sanduku la kioo, lile wanaloita akwariamu. Lilikuja juu ya gari la mizigo na mwisho kwa pikipiki, limefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Pamoja nalo kulikuwa na pompi ndogo ya hewa ya kufunga kwenye betri ya sola, na sponji yake ya kuchujia maji. "Ujiliwaze, dada," aliniambia kwenye simu. Siku hiyo hiyo nikajaza maji ya chemchemi, nikanunua visamaki vyenye mstari mwekundu ubavuni kwa wanawake wanaovua kijitoni kwa vikapu, nikavitia. Alhamisi ilipofika nikafanya kama nyumba hii ilivyonifundisha: nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, mawe na sponji, nikajaza mapya. Vikafa. Nikanunua vingine, nikaosha vizuri zaidi. Navyo vikafa.

"Sikusema?" mama mkwe akawaambia majirani. "Hata samaki!"

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nikampigia kaka yangu, naye badala ya kunipa pole akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba samaki anakojoa na kunya ndani ya maji hayo hayo anayopumua, na uchafu ule ni sumu kwake. Wanaomaliza sumu hiyo ni vijidudu visivyoonekana, vinavyokaa kwenye mchanga, kwenye mawe na kwenye sponji, na vinachelewa sana kuzaana. Ukisugua, unaviua, unaanza tena sifuri. "Jaza maji, washa pompi, tia chembe za chakula zioze humo, halafu ngoja," akasema. "Samaki usitie kwanza. Maji yatakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, usiogope, yatajitakasa yenyewe. Ndipo utie samaki wachache. Baadaye kila juma utachota maji kidogo tu, utarudisha mengine kidogo, na sponji uikamue ndani ya yale uliyochota. Sabuni na javeli, hiyo dawa ya kung'arishia nguo, usisogeze hata harufu, inaua papo hapo!"

Nikabeba sanduku langu chumbani, na kila Alhamisi nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikangoja. Wallahi, sijawahi kungoja kitu kwa chuki namna ile. Majuma yakapita, maji yakawa meupe, yakanuka, yakatulia. Mama mkwe alikuwa anachungulia mlangoni na kuniuliza mbele ya wageni wake: "Bado unachunga maji tu? Haijazaa?" Mimi natabasamu. "Bado, Mama." Moyoni nilikuwa namtukana matusi ambayo hata sikujua kama ninayajua.

Kisha nikatia samaki wawili, baadaye wengine. Wakaishi. Nikapanda majani ya kijitoni kwenye mchanga, na asubuhi moja nikaona katikati ya majani vitu vyembamba kama uzi, vina macho. Vifaranga! Nikakaa chini sakafuni kuvitazama. Mume wangu akaja akachuchumaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tukakaa bega kwa bega bila ya simu.

Habari ikatoka nje, na hapo mama mkwe akageuza ulimi. Shangazi za yule binti walikuwa wanakuja Alhamisi alasiri kuiona nyumba, walale, waswali Ijumaa pamoja nasi. Akaagiza sanduku lihamishiwe sebuleni. Nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwenye simu: "Iko samaki hapa kwangu, mie mwenyewe nawalea, wanazaa tu. Kwangu kila kitu inazaaka." Nilikuwa nyuma ya pazia. Aninyang'anye mume, hilo nilikuwa nimeshajiandaa nalo. Na samaki wangu pia?

Nilijua kitakachotokea Alhamisi, kwa sababu nilimjua mwanamke yule. Jumatano nikachota vifaranga vyote, nikaviweka kwenye beseni lenye maji ya sandukuni, pamoja na sponji na pompi, nikavificha chumbani nyuma ya magunia ya mpunga. Nikasema pompi imeharibika. Samaki wakubwa nikawaacha, maana ningewatoa wote angeuliza. Niliwatazama sana kabla ya kutoka.

Alhamisi asubuhi akakunja kanga yake. "Maji hii imelala miezi! Wageni wataona nini? Lete ndoo." Nikaleta ndoo. "Lete brashi." Nikaleta. "Javeli iko wapi?" Nikaleta javeli, nikamfungulia na kifuniko. Ningeweza kusema neno moja tu. Nililiweka ulimini, likawa tamu, nikalimeza. Akasugua mawe, akasugua kioo, akaosha mchanga mpaka ukang'aa, akajaza maji mapya, akawarudisha samaki. Alipomaliza alisimama mbali kidogo na kuitazama kazi yake, amefurahi.

Shangazi wakafika alasiri, vumbi la barabara ya Kabambare mpaka kwenye kope. Wakakaribishwa sebuleni, wakawekewa wali na sombe ya majani ya muhogo. Mama mkwe akawaonyesha sanduku: "Si munaona? Hii yote ni kazi yangu." Samaki walikuwa tayari wanakwea juu kutafuta pumzi. Mmoja akapinduka, tumbo juu. Wa pili akamfuata, na chakula bado kiko kwenye sahani. Shangazi mkubwa akaweka tonge lake chini, akayatazama yale maji safi, kisha akamtazama mwenyeji wake.

"Ulituambia ni wewe unawalea," akasema.

Mama mkwe akafungua mdomo, ukabaki wazi. Angesema nini? Kwamba ni wangu? Mimi nilikuwa nimekaa pale mkekani, nakula. Siku ile nilikula vizuri sana.

Jumamosi wageni wakaondoka, na salamu za Kabambare zikakatika moja kwa moja. Mama mkwe akanifuata uani, macho mekundu. "Si ungeniambia!" Nikamjibu kwa adabu: "Ndiyo, Mama. Ningekuambia." Nilifurahi, na hata leo nikiukumbuka ule mdomo wake nafurahi. Samaki niliwalilia. Yeye sikumlilia.

Jioni mume wangu akaingia chumbani mapema, kabla sijaizima pompi kama nilivyokuwa nafanya kila usiku, akaisikia inanguruma. Akavuta gunia moja, akaliona beseni na vifaranga vinavyozunguka ndani yake.

"Uliwatoa kabla," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akakaa kitandani taratibu, mbali kidogo nami.

"Bibi yangu, sasa naanza kukuogopa."

"Ungeanza zamani," nikamwambia.